Mhandisi wa AI kwenye supamaketi: Anafanya kazi gani hasa, na akikosea nani anaumia?

Kwa ufupi

• Kazi kubwa ya mhandisi wa akili mnemba kwenye kampuni ya maduka ni kubashiri: bidhaa gani itauzwa, tawi gani, siku gani, kiasi gani.

• Muda wake mwingi unaishia kwenye kusafisha data na kuongea na watu wa dukani.

• Makosa yake hayabaki kwenye kompyuta. Yanaozesha chakula, yanaacha rafu tupu, na yamewahi kumfanya mtoto wa miaka 11 ashukiwe wizi.

Ijumaa, saa moja jioni. Mtu katoka kazini, anapita supamaketi kuchukua mkate wa asubuhi. Anafika, rafu tupu. Anamuuliza mhudumu, anajibiwa: "Umeisha, mpaka kesho." Siku tatu baadaye, tawi jingine la kampuni hiyohiyo linatupa mikate 40 iliyoota ukungu.

Kwenye kampuni nyingi kubwa za maduka duniani, matukio hayo mawili yanatokana na kitu kimoja: programu ya kompyuta ilibashiri vibaya. Na yupo mtu ambaye kazi yake ni kujua kwa nini. Huyo ndiye mhandisi wa akili mnemba, ambayo wengine huiita akili unde au akili bandia, na mtaani wengi wanasema tu AI.

Ni moja ya kazi ambazo vijana wengi wanaosoma kompyuta wanazitamani. Lakini kinachofanyika huko ndani kila siku ni tofauti na picha za roboti zinazosambaa mitandaoni.

Anza na duka la Mangi

Njia rahisi ya kuielewa kazi hii ni kumwangalia mwenye duka la mtaani, yule ambaye Dar es Salaam watu humwita Mangi hata kama si Mchaga.

Mangi anajua kwamba mwisho wa mwezi mchele wa kilo tano unatoka, katikati ya mwezi watu wanapima nusu kilo. Anajua mvua ikinyesha soda hazitoki, ila mkaa unaisha. Anajua shule zikifunguliwa aongeze madaftari na kalamu. Yote yako kichwani, na mara nyingi anapatia.

Sasa chukua kampuni kama Naivas ya Kenya, yenye matawi zaidi ya 100. Tuseme kila tawi linauza aina 10,000 za bidhaa. Hapo kuna makadirio milioni moja ya kufanya kila siku, na hakuna kichwa cha mtu kinachoweza kuyabeba. Kwa kampuni zenye ukubwa huo, mhandisi anaifundisha kompyuta ifanye kile anachofanya Mangi, lakini kwa maduka yote kwa pamoja.

Data ilitoka wapi?

Kompyuta haiwezi kubashiri bila kumbukumbu. Kumbukumbu za maduka zilianza kuwa nyingi baada ya Juni 26, 1974, siku ambayo pakiti ya bigijii aina ya Wrigley's iliskaniwa kwa barkodi kwenye supamaketi ya Marsh mjini Troy, jimbo la Ohio, Marekani. Barkodi ziliposambaa, kila kitu kilichopita kwa keshia kikaanza kuacha alama.

Mwaka 1995, Tesco ya Uingereza ilizindua kadi ya pointi iitwayo Clubcard. Mteja alipata punguzo, Tesco ikapata kitu kikubwa zaidi: ilianza kujua nani ananunua nini, si tu nini kimeuzwa.

Kisha mwaka 2003, wahandisi watatu wa Amazon walichapisha makala iliyoeleza jinsi tovuti yao inavyopendekeza bidhaa. Badala ya kutafuta mteja anayefanana na wewe, mfumo ulitazama bidhaa ambazo hununuliwa na watu walewale. Ukinunua kitabu cha mapishi, unaoneshwa vile ambavyo wanunuzi wa kitabu hicho walichukua pia. Yale maneno ya "waliochukua hiki walichukua na hiki" unayoyaona kwenye tovuti nyingi leo yako katika ukoo huo.

Kubashiri kunafanyikaje?

Mhandisi anachukua mauzo ya miaka kadhaa, bidhaa kwa bidhaa, tawi kwa tawi. Anaongeza vitu vinavyosukuma mauzo: siku ya wiki, tarehe ya mshahara, sikukuu, bei, ofa, hali ya hewa. Anaipa kompyuta ijifunze uhusiano wake. Matokeo ya kujifunza huko ndiyo yanaitwa modeli.

Halafu anaijaribu. Anaficha mauzo ya mwezi uliopita, anaiambia modeli iyabashiri, kisha analinganisha na kilichotokea kweli. Modeli isiyopita mtihani huo haina sababu ya kupelekwa dukani.

Hapa ndipo mitego inapoanza. Mitatu ni maarufu kwenye kazi hii.

1. Sifuri ya uongo

Mkate ukiisha saa nane mchana, mauzo kuanzia hapo hadi usiku yanasomeka sifuri. Modeli isiyoelezwa kwamba rafu ilikuwa tupu itaamini kuwa jioni watu hawataki mkate. Kesho yake itaagiza pungufu. Mkate utaisha mapema zaidi, na modeli itazidi kujiaminisha kuwa iko sahihi.

Ndiyo maana mhandisi mzuri hasomi mauzo peke yake. Anatafuta pia rekodi za stoo ili ajue ni sifuri ya wateja kutotaka, au ni sifuri ya mzigo kutokuwepo.

2. Kalenda

Mwezi wa Ramadhani unarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka ukilinganisha na kalenda ya kawaida. Modeli inayotazama tu "wiki kama hii mwaka jana" italeta tende na tambi kwa kuchelewa, mwaka baada ya mwaka. Kwa maduka ya Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam, hilo ni kosa la pesa nyingi. Dawa yake ni mhandisi kuiingiza kalenda ya Kiislamu mwenyewe, kwa sababu kompyuta haitaigundua kirahisi kutoka kwenye data ya miaka miwili au mitatu.

3. Dunia kubadilika

Machi 2020, janga la Uviko-19 lilipotangazwa, wateja katika nchi nyingi walikimbilia karatasi za chooni, vitakasa mikono na unga. Modeli zilizojifunza kutoka kwenye miaka ya kawaida hazikuwa zimewahi kuona kitu kama hicho. Kampuni nyingi zililazimika kurudisha watu kwenye usukani.

Mashindano yaliyowashusha wengi

Mwaka huohuo wa 2020 kulifanyika shindano la kimataifa la kubashiri mauzo lililoitwa M5. Liliandaliwa na timu ya Profesa Spyros Makridakis wa Chuo Kikuu cha Nicosia, Cyprus, na likaendeshwa kwenye jukwaa la Kaggle. Data ilitoka Walmart: bidhaa 3,049, maduka 10, majimbo matatu ya Marekani. Washiriki walitakiwa kubashiri mauzo ya siku 28.

Zilijitokeza timu 5,507. Kulikuwa pia na kipimo cha kulinganishia, mbinu ya zamani sana ambayo kwa lugha rahisi ni wastani unaozipa siku za karibuni uzito mkubwa kuliko za nyuma.

Matokeo? Chini ya timu 8 katika kila 100 ndizo zilizoishinda mbinu hiyo ya zamani. Waliobaki, pamoja na kompyuta zao na misimbo mirefu, walishindwa na hesabu ambayo mtu anaweza kuifanya kwenye jedwali la Excel.

Mshindi wa kitengo cha usahihi alikuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza kutoka Korea Kusini. Kwa anayetaka kuingia kwenye kazi hii kuna mafunzo mawili hapo: mlango uko wazi kwa mwanafunzi, na mbinu rahisi haidharauliwi hadi ishindwe kwa ushahidi.

Kwa nini asiagize tu nyingi?

Swali hili wahandisi wapya huulizwa sana. Jibu liko kwenye hesabu ndogo.

Tuseme duka linanunua mkate kwa shilingi 1,200 na kuuza 1,500. Mkate mmoja ukikosekana, duka limepoteza faida ya shilingi 300. Mkate mmoja ukibaki hadi ukaota ukungu, limepoteza shilingi 1,200. Kosa la pili ni ghali mara nne. Kwa hiyo hata kama makadirio ni wateja 100, inaweza kuwa na akili zaidi kuagiza pungufu ya 100.

Maji ya chupa ni kinyume. Hayaozi haraka, yakibaki leo yatauzwa kesho. Hapo duka linaweza kuagiza zaidi bila presha.

Hesabu hiyo ina upande wa pili. Mteja aliyekuta rafu tupu mara tatu anaweza asirudi tena, na hasara hiyo haiandikwi kwenye risiti yoyote. Nani anaamua thamani yake? Kompyuta haiamui. Ni makubaliano kati ya mhandisi, watu wa manunuzi na meneja wa tawi, na mara nyingi wanabishana.

Siku ya kazi ikoje?

Kampuni zinatofautiana, ila ratiba yenyewe haiachani sana.

Asubuhi: Kuangalia kama data ya jana imefika yote. Tawi moja likikatikiwa intaneti, mauzo yake hayaonekani, na modeli inaweza kudhani duka limefungwa.

Kabla ya mchana: Kusaka makosa. Mfano wa kawaida ni mtu wa stoo kuingiza katoni 24 kama vipande 24. Kosa dogo kama hilo linaweza kuvuruga oda za wiki nzima.

Mchana: Kikao na watu wa manunuzi na masoko. Wao wanajua ofa ya wiki ijayo, barabara iliyofungwa, au mshindani aliyefungua duka jirani. Mambo hayo modeli haiyajui hadi iambiwe.

Alasiri: Kuandika programu, kufundisha modeli upya, kulinganisha matokeo. Modeli mpya hujaribiwa kwanza kwenye matawi machache, huku mengine yakiendelea na ya zamani, ndipo ionekane kama kweli kuna nafuu.

Siku nyingine: Kwenda dukani. Ukikaa ofisini tu huwezi kujua kwamba mhudumu anaficha maziwa ya zamani mbele ya mapya ili yasiishe muda, au kwamba skana ya tawi fulani ni mbovu.

Kubashiri si kazi pekee. Wapo wanaoshughulikia mapendekezo kwenye tovuti, upangaji wa bei, njia za magari ya mizigo, kamera za rafu, na siku hizi programu za kuchati na wateja.

Na si supamaketi pekee zinazoguswa. Mwaka 2018 watafiti wa IBM na kampuni ya Twiga Foods ya Kenya walijaribu mfumo wa mikopo kwa vibanda vidogo vya chakula 220. Historia ya manunuzi ya kibanda, ambayo zamani haikuwa na kazi yoyote, ilitumika kupima kama mwenye nacho anakopesheka.

Zilipokwama kampuni kubwa

Walmart: Ilipeleka roboti za kukagua rafu kwenye maduka yapatayo 500, kisha Novemba 2020 ikaripotiwa kuachana na mkataba huo. Wakati wa janga wateja wengi waliagiza mtandaoni, wafanyakazi wakawa wanazunguka kati ya rafu muda wote kukusanya oda, na ikaonekana macho yao yanatosha.

Amazon: Januari 2018 ilifungua duka lisilo na keshia mjini Seattle. Unachukua, unatoka, kamera zinahesabu. Aprili 2024 ilitangaza kuuondoa mfumo huo kwenye supamaketi zake za Amazon Fresh nchini Marekani. Vyombo vya habari viliripoti kuwa watu wengi nchini India walikuwa wakipitia video za manunuzi. Amazon ilipinga maelezo hayo, ikasema kazi kubwa ya watu hao ilikuwa kuweka alama kwenye picha za kufundishia mfumo.

Pak'nSave: Supamaketi hii ya New Zealand ilikuwa na programu ya kupendekeza mapishi kutokana na vitu vilivyobaki jikoni. Mwaka 2023 watumiaji waliingiza majina ya dawa za usafi kuijaribu, nayo ikawapa "kinywaji" ambacho kuchanganya kwake kunatoa gesi ya klorini. Gesi hiyo inaweza kuua.

Kosa lililomwangukia mtoto

Mfano mzito kuliko yote ni wa Rite Aid, iliyokuwa kampuni ya maduka ya dawa ya Marekani.

Kati ya 2012 na 2020, mamia ya maduka yake yalitumia kamera zinazotambua nyuso ili kukamata wezi. Kamera ikidhani imemwona mtu aliye kwenye orodha, wafanyakazi walipata ujumbe. Wakamfuata mteja, wakampekua, wakamtoa nje au wakaita polisi.

Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilipochunguza ilikuta picha nyingi za kwenye orodha hazikuwa na ubora, na kampuni haikuwa imepima kama mfumo unapatia. Makosa yalikuwa mengi zaidi kwenye maduka ya maeneo wanakoishi watu weusi na wenye asili ya Asia. Mmoja wa waliosimamishwa na kupekuliwa kimakosa alikuwa msichana wa miaka 11.

Desemba 2023 Rite Aid ilipigwa marufuku kutumia teknolojia hiyo kwa ulinzi kwa miaka 5.

Linganisha na mkate. Modeli ya mkate ikikosea, kampuni inapoteza shilingi. Modeli ya uso ikikosea, mtu mwingine kabisa ndiye anayelipa, tena hadharani, na hajawahi kukubali kushiriki kwenye jaribio hilo. Kwa hiyo mhandisi anayepewa kazi ya namna hii ana swali la kuuliza kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa programu: ikikosea, nini kitampata aliyekosewa, na atalalamika wapi?

Sheria zinasemaje?

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Pamoja na mengine, inampa mtu haki ya kutoamuliwa na mashine peke yake pale uamuzi unapomgusa kwa uzito. Malalamiko yanapelekwa kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Inasimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na taasisi zinazokusanya taarifa za watu zinatakiwa kujisajili huko.

Kwa mhandisi, maana yake ni kwamba namba ya simu ya mteja iliyochukuliwa kwa ajili ya pointi haiwi mali ya kila mradi unaobuniwa ofisini. Na kwa mteja, kadi ya pointi ni biashara ya pande mbili: duka linatoa punguzo, wewe unatoa kumbukumbu za maisha yako.

Je, keshia na mtu wa rafu watakosa kazi?

Baadhi ya kazi zinabadilika, hilo halina ubishi. Mashine za kujihudumia zimepunguza makeshia katika nchi nyingi, na kazi ya kukaa kukisia oda kwa mkono inazidi kuhamia kwenye kompyuta.

Lakini mifano ya Walmart na Amazon inaonesha kuwa mtu aliye dukani hatoki kirahisi kama matangazo yanavyodai. Pia modeli inamtegemea yeye: akiingiza data vibaya, hata mhandisi mwenye shahada tatu hana la kufanya.

Na kuna matatizo ambayo AI haiyagusi. Mwaka 2017 rafu za Nakumatt, iliyokuwa kampuni kubwa ya supamaketi Kenya, zilianza kuwa tupu. Sababu haikuwa kubashiri vibaya. Kampuni ilikuwa na madeni na wasambazaji hawakuwa wanalipwa, hivyo waliacha kuleta mzigo. Modeli ingeweza kusema kwa usahihi kabisa kwamba kesho unahitajika unga wa paketi 300, na unga usingekuja.

Unataka kuingia? Anzia hapa

Hisabati: Takwimu na uwezekano kwanza. Ukielewa wastani, mtawanyiko na makosa ya makadirio, umevuka hatua kubwa.

Programu: Lugha ya Python, na SQL kwa ajili ya kuvuta data. SQL haina sifa mitandaoni, ila ofisini inatumika kila siku.

Mazoezi: Data ya M5 bado ipo Kaggle na ni bure. Kwa mashindano yenye matatizo ya Afrika kuna jukwaa la Zindi, lililoanzishwa Afrika Kusini mwaka 2018.

Biashara: Jifunze jinsi duka linavyopata faida, jinsi mzigo unavyosafiri na nini kinaharibika njiani. Hapa ndipo wengi wenye vyeti wanakwama.

Kuongea: Meneja wa tawi hataki kusikia jina la mbinu uliyotumia. Anataka kujua aagize mikate mingapi na kwa nini akuamini.

Kuna zoezi moja lisilohitaji hata kompyuta nzuri. Mwombe mwenye duka wa mtaani kwenu ruhusa ya kuandika mauzo ya bidhaa tano kwa siku 60. Andika pia siku ambazo bidhaa iliisha na saa iliyoisha. Kisha bashiri wiki inayofuata, na mwambie Mangi naye abashiri kwa kichwa. Linganisheni Jumapili jioni. Akikushinda, muulize alijuaje, halafu andika jibu lake, kwa sababu hicho ndicho modeli yako ilikuwa haijui.